Mnyonya Damu Katika Opera: Leipzig, 1828

Opera, yaani tamthilia ambayo wahusika huimba wakisindikizwa na okestra, haikukawia kumpokea mnyonya damu, maiti anayeinuka usiku ili aishi kwa damu ya walio hai. Hadithi iliyomtia umaarufu, The Vampyre, iliandikwa na John Polidori, daktari wa mshairi Lord Byron, kutokana na simulizi za mwaka 1816 kando ya ziwa la Geneva, na ilipotoka mwaka 1819 jarida la London liliichapisha kwa jina la Byron, kosa ambalo bila shaka liliiuza kuliko ubora wake. Mwaka uliofuata tayari ilikuwa jukwaani Paris, kisha London, ambako mwenye jumba la maonyesho alishikilia kwamba matukio yawe Uskoti kwa kuwa mavazi ya Kiskoti alikuwa nayo ghalani.

Mtunzi wa muziki Heinrich Marschner, aliyewahi kufanya kazi chini ya mtunzi mwenzake Carl Maria von Weber huko Dresden, alionyesha opera yake Der Vampyr mjini Leipzig tarehe 29 Machi 1828, kwa maneno yaliyotungwa na shemeji yake, Wilhelm August Wohlbrück. Kwa Polidori, mnyonya damu, Lord Ruthven, huua na kutoweka bila kuadhibiwa. Katika opera amepewa siku moja tu ya kutoa kafara mabibi harusi watatu ili aongezewe mwaka wa kuishi, na anapomkosa wa tatu hupigwa na radi. Sharti hilo laweza kuonekana kuwa hila ya kuwaridhisha watazamaji wapendao haki, lakini ndilo lililompa mtunzi muziki wake, kwa sababu muuaji anayedaiwa muda ana hofu, na hofu huimbika. Ruthven akapewa baritoni, sauti ya kiume iliyo kati ya nyembamba na nzito, pamoja na wimbo mrefu wa kueleza adhabu ya kulazimika kuwarudia hata jamaa zake mwenyewe.

Mtunzi Richard Wagner, akiwa kijana wa miaka 20, aliishughulikia opera hiyo huko Würzburg mwaka 1833, hata akaandika mwisho mpya wa wimbo mmoja ulioimbwa na kaka yake, Albert. Katika kazi ya Marschner, Emmy, mmoja wa mabibi harusi hao, huimba kisa cha mtu aliyepauka muda mfupi kabla ya Ruthven kutokea; katika Der fliegende Holländer, opera ya Wagner ya mwaka 1843, mhusika Senta hufanya vivyo hivyo kwa baharia aliyelaaniwa, naye pia ni baritoni.