Sambaza walivyoingia Ziwa Kivu, na somo kwa wafugaji wa samaki

Katika masoko ya Goma, Minova na Bukavu, sambaza ni kitoweo cha kila siku. Familia nyingi zilizokimbia vita hula samaki hawa, na akina mama wengine huwauza tena ili watoto wapate unga. Lakini sambaza si wenyeji wa Ziwa Kivu.

Zamani, wavuvi wa Kivu walivua karibu na ukingo, kwa kuwa katikati ya ziwa hapakuwa na samaki wa kuvua. Sambaza ni ndagala wa Ziwa Tanganyika. Hawangeweza kupanda wenyewe, maana Mto Ruzizi huteremka kwa maporomoko kutoka Kivu kwenda Tanganyika. Walibebwa na watu. Kati ya 1958 na 1960, wakati wa utawala wa Wabelgiji, makumi ya maelfu ya vifaranga vya aina mbili za ndagala walimwagwa Kivu. Aina moja ilipotea. Nyingine, Limnothrissa miodon, ilizaana na kuenea ziwani kote.

Safari hiyo wakaaji walipata chakula. Lakini mlango ukifunguliwa haufungwi tena. Tilapia wa Katanga, Oreochromis macrochir, alisambazwa katika mabwawa ya ufugaji mbali na kwao. Leo yumo Kivu pia. Mwaka 2006 akaonekana mgeni mwingine kutoka Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus. Huyu hula vijidudu vya majini vilevile wanavyokula sambaza, na hakuna wavu wa kumtoa.

Huko kusini, sambaza wa Tanganyika walipelekwa katika Ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, miaka ya 1967 na 1968. Baadaye walishuka wenyewe na maji ya Zambezi, wakapita kwenye bwawa la umeme, hadi Cahora Bassa nchini Msumbiji. Hakuna aliyewabeba mara hiyo ya pili.

Ndiyo sababu ulinzi huanzia pale vifaranga wanapozalishwa. Wakiwa wadogo, tilapia wa aina mbalimbali hufanana. Ndoo moja inaweza kuficha samaki mwingine, mayai ya konokono au vimelea vya magonjwa. Kituo kizuri hujua samaki wazazi ni aina gani na walitoka wapi. Huweka chujio la matundu madogo maji yanapoingia na yanapotoka. Nyavu na ndoo hukaushwa vizuri juani kabla ya kutumiwa kwenye bwawa lingine. Vifaranga waliobaki hawamwagwi mtoni, hata kwa huruma.

Kwa familia iliyorudi kijijini na kuchimba bwawa ili ianze upya, swali la kwanza kwa mwenye kuuza si bei tu. Ni hili: vifaranga hawa wametoka maji gani? Kijito kilicho chini ya bwawa hufika ziwani, na ziwa hilo ndilo linalolisha hata wale wasio na bwawa.