Brandeis: Chuo Kikuu Kilichozaliwa na Milango Iliyofungwa

Chuo Kikuu cha Brandeis kipo Waltham, mji wa jimbo la Massachusetts ulio umbali wa takriban kilomita 15 magharibi ya Boston, kando ya Mto Charles, na ni miongoni mwa vyuo vikuu binafsi vya Marekani, yaani vyuo ambavyo si mali ya serikali bali husimamiwa na bodi ya wadhamini na huendeshwa kwa ada, michango ya wahisani na faida ya mfuko wa kudumu, ambao ni akiba inayowekezwa ili mtaji wake usitumike. Kilifunguliwa mwaka 1948, miaka 312 baada ya jirani yake Harvard, na kwa umri huo ni kichanga katika eneo lenye vyuo vikongwe. Hata hivyo, historia yake inastahili kufuatiliwa kwa makini, kwa kuwa vyuo vilivyoanzishwa ili kuondoa dhuluma moja mahususi si vingi, na vilivyokuja kudaiwa ahadi hiyo na wanafunzi wao wenyewe ni vichache zaidi.

Dhuluma hiyo ilikuwa ukomo wa idadi. Kuanzia miaka ya 1920 vyuo mashuhuri vya mashariki ya Marekani vilianza kupunguza idadi ya Wayahudi waliopokelewa, ingawa watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi walikuwa wakifaulu mitihani kwa viwango vya juu. Mwaka 1922 A. Lawrence Lowell, aliyekuwa rais wa Harvard, alipendekeza waziwazi kwamba idadi yao iwekewe kikomo, na pendekezo lilipozusha upinzani, njia za chini kwa chini zikatumika: fomu za maombi ziliuliza dini ya mwombaji na jina la ukoo wa mama yake, picha zikatakiwa, na kigezo kisichopimika cha tabia njema kikapewa uzito kuliko alama. Shule za udaktari zilikuwa kali zaidi, na katika nyingi kati yake Mmarekani Mweusi hakupata nafasi kabisa.

Waltham palikuwa na chuo kidogo kilichokataa utaratibu huo. Chuo Kikuu cha Middlesex, kilichoanzishwa na daktari John Hall Smith, kilifundisha utabibu wa binadamu na wa mifugo bila kumbagua mwombaji kwa dini wala asili, lakini chama cha madaktari wa Marekani kilikataa kuitambua shule yake ya udaktari, na bila utambuzi huo wahitimu hawakuweza kupata leseni kwa urahisi. Smith alifariki mwaka 1944, chuo kikiwa kinaelekea kufa. Mwaka 1946 mwanawe, C. Ruggles Smith, aliamua kuwakabidhi ardhi, majengo na hati ya kisheria ya chuo watu watakaoulinda msimamo wa baba yake, na akamwandikia Rabi Israel Goldstein wa New York, ambaye alikuwa akitafuta mahali pa kujenga chuo kikuu kitakachofadhiliwa na Wayahudi na kuwa wazi kwa watu wote.

Goldstein alimwendea Albert Einstein, ambaye aliunga mkono wazo hilo na kukubali jina lake litumike kwa taasisi ya kuchangisha fedha, ingawa alikataa chuo chenyewe kiitwe kwa jina lake. Migogoro ya uongozi ilimfanya Goldstein ajiuzulu mwaka huohuo, na Einstein naye akajitenga na mradi mwaka 1947. Jina lililochaguliwa lilikuwa la Louis D. Brandeis, Myahudi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, aliyehudumu tangu mwaka 1916 hadi 1939 na kufariki mwaka 1941.

Masomo yalianza Oktoba 1948 kwa wanafunzi 107, chini ya rais wa kwanza, mwanahistoria Abram Sachar, aliyeongoza kwa miaka 20. Chuo kipya hakikuwa na wahitimu matajiri wa kukichangia, kwa hiyo kiliwategemea watu ambao wengi wao hawakuwa wamesoma hapo wala watoto wao. Akina mama waliounda kamati ya kitaifa mwaka huo wa 1948 walikusanya vitabu vilivyotumika na kuviuza ili maktaba ipatikane, mchango ambao historia rasmi za vyuo huupitia haraka mno. Sachar naye aliwavuta wasomi na wasanii wakubwa. Leonard Bernstein alifundisha muziki huko na kuongoza tamasha la kwanza la sanaa mwaka 1952, na Eleanor Roosevelt, mjane wa Rais Franklin Roosevelt, alikuwa mdhamini wa chuo na baadaye mhadhiri wa uhusiano wa kimataifa.

Sura ya kampasi, yaani eneo lote la chuo pamoja na majengo na viwanja vyake, inaeleza dhamira ya kuwa wazi kwa watu wote vizuri kuliko hotuba yoyote. Mwaka 1955 zilizinduliwa nyumba tatu za ibada, za Wayahudi, Wakatoliki na Waprotestanti, ambazo msanifu Max Abramovitz alizipanga kuzunguka kidimbwi kimoja kwa namna ambayo hakuna hata moja inayoangusha kivuli chake juu ya nyingine. Chuo kilichojengwa kwa fedha za Wayahudi kingeweza kujenga sinagogi peke yake, na hakuna ambaye angeshangaa. Baadaye Waislamu nao walipata chumba cha kuswalia.

Maisha ya wanafunzi nayo yalitofautiana na ya vyuo vingine vingi. Timu ya futiboli ya Kimarekani ilivunjwa mwaka 1960, na vile vyama vya wanafunzi vinavyochagua wanachama wao kwa faragha, ambavyo ni nguzo ya maisha ya vyuo vingi vya Marekani, havitambuliwi rasmi. Kwa miongo mingi wanafunzi waliishi katika ngome ya mawe iliyoachwa na Middlesex, hadi uchakavu ulipolazimisha sehemu yake kubwa ibomolewe mwaka 2017. Mwaka huohuo Jeffrey Hall na Michael Rosbash, waliochunguza hapo Brandeis kwa miaka mingi jinsi chembe za nzi wa matunda zinavyopima mchana na usiku, walipata Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Michael Young, heshima inayoupendeza mji uliojulikana tangu karne ya 19 kwa kiwanda chake cha saa.

Lakini ahadi ni deni. Mwanaharakati Angela Davis, aliyehitimu Brandeis mwaka 1965, alikuwa mmoja wa Wamarekani Weusi wachache sana kampasini, na baada ya kuuawa kwa Martin Luther King mwaka 1968 haikuwezekana tena kuuita uchache huo bahati mbaya. Januari 8, 1969, wanafunzi Weusi wapatao 70 waliingia katika jengo la Ford Hall, lililokuwa na mtambo wa simu na kompyuta ya chuo, wakalifunga, wakaliita Chuo Kikuu cha Malcolm X na kutoa madai 10, likiwemo la kuundwa kwa idara ya masomo ya Afrika na ya Wamarekani Weusi pamoja na kuongezwa kwa walimu Weusi na ufadhili. Rais wa chuo wakati huo, Morris Abram, wakili aliyepigania haki za raia, hakukubali kila dai, lakini pia hakuwaita polisi, na wanafunzi walitoka kwa hiari baada ya siku 11. Kabla mwaka haujaisha idara hiyo ilikuwa imeundwa.

Ford Hall lilibomolewa mwaka 2000. Novemba 2015 kizazi kingine cha wanafunzi kilikalia jengo la utawala kwa siku 12 kikitumia jina la Ford Hall, kikidai tena walimu Weusi zaidi, na uongozi ukakubali kuweka malengo. Wanafunzi hao wa 1969 na wa 2015 hawakuvuruga urithi wa Brandeis. Walidai utekelezwe, na kwa hiyo wanastahili kuhesabiwa miongoni mwa waasisi wake, sawa na Goldstein, Sachar na akina mama waliouza vitabu.