Thumni Iliyozima Stima

Hii hadithi hupenda kusimuliwa kama mbio. Mwaka 1911, kule Leiden, maabara ya Heike Kamerlingh Onnes ilipooza zebaki hadi Kelvini 4 hivi, na ukinzani wake wa umeme ukapotea kabisa. Mwaka 1986, Georg Bednorz na Alex Müller wa IBM karibu na Zürich wakaona dalili za jambo lilo hilo kwenye Kelvini 30 hivi, tena katika oksidi ya shaba, lantani na bari. Kauri, ndugu ya kikombe chako cha chai! Machi 1987 wanafizikia walijazana katika hoteli moja New York wakibishana mpaka saa tisa usiku, na Nobeli ikaja mwaka huo huo.

Wengi hukomea hapo. Mimi naona utamu unaanza 1988.

Oksidi hii imepangwa kama chapati zilizorundikwa: tabaka za shaba na oksijeni, na lantani katikati. Ikiwa safi, haipitishi stima hata kidogo. Elektroni zinasukumana hadi kila moja inabaki kwa atomu yake, kama abiria wa matatu iliyojaa pomoni: hakuna wa kusonga mpaka mmoja ashuke. Ukibadilisha lantani kidogo uweke bari, baadhi zinashuka, nafasi zinapatikana, na ukiipooza, ukinzani unaisha. Basi tuzidi kushusha abiria, sivyo? Watafiti wa Brookhaven, Marekani, walikuta kwamba nafasi zikifika thumni (moja kwa kila atomu nane za shaba, hiyo ndiyo maana ya neno, kabla hujafikiria senti hamsini), hali ile inaporomoka karibu yote. Ongeza bari kidogo tu, inarudi.

Mwaka 1995 John Tranquada na wenzake walirusha nyutroni kwenye oksidi ya ukoo huo. Nafasi zilikuwa zimejipanga mistari kama ya punda milia, na kati ya mistari, usumaku. Wengi wakatoa hukumu: mistari ndiyo adui.

Hukumu ilikuwa ya haraka. Mwaka 2007, Brookhaven tena, vipimo vya ile thumni vilionyesha ukinzani ndani ya tabaka ukishuka ghafla karibu na Kelvini 40. Kila chapati ilikuwa inajaribu kivyake. Zilichoshindwa ni kuelewana na jirani wa juu na wa chini. Kwa hivyo mistari inaua hali ile, ama inaishi nayo nyumba moja? Sisi tunaolipia stima inayopotelea kwenye nyaya tuna sababu ya kufuatilia kesi hii, na bado inasikizwa.