Kuonekana mwanamke kwenye foto: ngozi, mavazi, mwangaza na usalama

Mjini Bunia, foto iko kila mahali: kwenye karti ya uchaguzi, kwenye ukuta wa sebule, kwenye telefone ya kila kijana. Kwa mtu aliyezaliwa na mwili wa kiume lakini anajijua ni mwanamke, foto moja inaweza kuwa mara ya kwanza anajiona sawa vile alivyo. Foto hiyohiyo, ikianguka kwenye mikono mibaya, inaweza kumfukuzisha nyumbani au kumletea fimbo. Ndiyo sababu habari hii inaongea juu ya mambo mawili pamoja: namna ya kupendeza, na namna ya kujilinda.

Ni akina nani?

Watu huwachanganya. Mwanamke transi ni mtu ambaye wakati wa kuzaliwa alisemwa ni mtoto mwanaume, lakini yeye anajitambua kuwa mwanamke kila siku. Tofauti naye, kuna mwanaume anayevaa nguo za kike kwa muda, kwa mchezo wa jukwaani au kwa kupenda tu, kiisha anarudia suruali yake bila shida. Hao wote wawili si lazima wawe wanapenda wanaume. Hilo ni jambo lingine. Shirika la Afya Ulimwenguni liliondoa hali ya watu transi kwenye orodha ya magonjwa ya akili. Orodha hiyo mpya ilikubaliwa 2019 na kuanza kutumika 2022.

Mwanaume kuvaa kike mbele ya kamera si jambo lililoletwa jana na intaneti. Kwa jirani zetu wa Afrika ya Kati, mjini Bangui, Samuel Fosso alifungua studio yake ya foto mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Mchana alipiga watu foto za vitambulisho. Filimu iliyobaki aliimaliza kwa kujipiga mwenyewe, akijivika nguo za kila namna. Mwaka 1997 alijipiga akiwa amevaa kama mwanamke wa Kimarekani wa miaka ya 70, na foto hiyo imejulikana duniani kote. Fosso hakuwa anasema yeye ni mwanamke. Alionyesha tu kwamba nguo, mwangaza na namna ya kusimama vinaweza kumgeuza mtu.

Ngozi na ndevu

Kazi inaanzia kwenye ngozi. Ndevu zinyolewe kiisha kuoga maji ya moto, kwa wembe mupya, kufuata upande nywele zinapoota. Watu wengi wa kwetu wana nywele za kujikunja. Wakinyoa karibu sana, nywele inarudi ndani na kuleta vipele. Afadhali kunyoa siku moja mbele ya foto kuliko asubuhi ileile. Wembe hauazimwi hata kwa rafiki, juu ya ukimwi na homa ya ini.

Kiisha kunyoa, kivuli cha ndevu kinaweza kubaki kwenye kidevu na juu ya mdomo. Poda peke yake haikifichi, inakifanya kijivu. Fundi wa salon huweka kwanza rangi kidogo yenye wekundu wa machungwa. Hata rangi ya midomo inaweza kusaidia, ikipigwapigwa kwa kidole hadi iwe nyembamba. Juu yake ndipo inakuja rangi ya ngozi, na poda mwishoni.

Rangi ya ngozi ijaribiwe kwenye taya, karibu na shingo, nje kwenye mwangaza wa mchana, si kwenye mkono ndani ya duka lenye giza. Mwenye kuchagua rangi nyeupe kuliko ngozi yake ataonekana kama amepakwa majivu. Nyusi zisafishwe chini tu, zisitolewe zote: zikikosekana, uso unapoteza umbo na watu nyumbani watauliza maswali.

Mafuta ya kung'arisha ngozi

Wengi wanaamini kwamba mwanamke mrembo ni mweupe. Hapo ndipo hatari kubwa iko. Mafuta mengi ya kujichubua yana hidrokinoni, dawa za kotizoni ao zebaki. Zebaki ni ileile wachimbaji wa dhahabu wa Ituri wanatumia kushika vumbi la dhahabu. Ikipita kwenye ngozi kila siku, inaharibu figo na mishipa ya fahamu. Hidrokinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta madoa meusi-buluu yasiyotoka. Kotizoni inaifanya ngozi kuwa nyembamba, na kidonda kinachelewa kupona. Mbele ya kamera hakuna faida yoyote: ngozi nyeusi iliyopakwa mafuta ya kawaida na kupata mwangaza mzuri inang'aa kuliko ngozi iliyochubuliwa.

Vilevile vidonge vya uzazi wa mpango. Wengine huvimeza vingi wakitafuta maziwa na hipsi haraka. Vidonge hivyo vinaweza kugandisha damu kwenye mishipa, zaidi kwa mwenye kuvuta sigara ao mwenye shinikizo la damu. Homoni ni kazi ya munganga, pamoja na vipimo vya damu. Na sindano za silikoni zinazodungwa na mtu asiye munganga zimeua watu katika inchi nyingi.

Mavazi: fundi wa kushona anajua

Kwa bahati nzuri, kitenge kinasaidia. Kipande kizima ni yadi 6, kinatosha libaya, sketi na cha kufunga juu. Mwili wa kiume mara nyingi una mabega mapana na hipsi ndogo. Kwa hiyo:

– Libaya lisiwe na mikono ya kuvimba mabegani, hata kama ndiyo mtindo. Mikono myepesi inayoshuka inafaa zaidi.
– Shingo ya umbo la V inapunguza upana wa kifua. Shingo ya duara iliyobana inauongeza.
– Sketi inayofunguka kuanzia kiunoni, ao kitenge cha pili kilichofungwa juu, inaleta hipsi bila kuweka kitu ndani.
– Maua makubwa yawe chini, rangi moja ya giza iwe juu.
– Kitambaa chembamba shingoni kinaficha kikoromeo.

Peruki yenye nywele zinazoshuka kando ya mashavu inalainisha taya, na nywele kidogo kwenye kipaji zinafunika alama ya nywele za kiume. Peruki inayong'aa sana kama plastiki inaonekana mbali. Poda kidogo inaipunguza nguvu. Kilemba kilichofungwa vizuri kinafanya kazi ileile kwa franga kidogo, na mama yeyote wa soko anajua kukifunga.

Mwangaza na kusimama

Bunia iko karibu na mstari wa ikweta. Saa sita ya mchana jua liko juu kabisa ya kichwa: macho yanakuwa mashimo meusi, nyusi na taya zinatokea kwa nguvu, na kila uso unaonekana wa kiume zaidi. Saa nzuri ni asubuhi mbele ya saa mbili, ao magaribi kuanzia saa kumi. Katikati ya siku, ni vema kukaa kwenye baraza yenye kivuli, uso ukiangalia nje.

Kitambaa cheupe kikiwekwa juu ya magoti, nje ya foto, kinarudisha mwangaza chini ya kidevu na kuondoa kivuli. Udongo mwekundu wa hapa nao unarudisha mwangaza, lakini unatia wekundu usoni. Taa ya telefone yenyewe izimwe: inapiga moja kwa moja na kuonyesha poda yote.

Ukuta mweupe ao dirisha nyuma ya mtu mweusi linadanganya telefone, nayo inafanya uso kuwa giza. Dawa ni kugusa uso kwenye kioo cha telefone, kiisha kupandisha mwangaza kidogo. Telefone isiwe karibu sana; ikiwa karibu, pua na paji la uso vinakua. Anayepiga arudi hatua mbili ao tatu. Kwa uso, telefone iwe juu kidogo ya macho. Kwa mwili mzima, iwe usawa wa kifua, vinginevyo miguu inakuwa mifupi.

Mwenye kupigwa asisimame kama askari kwenye gwaride. Ageuze mwili kidogo upande, bega moja mbele, uzito kwenye mguu wa nyuma. Kidevu kitokee mbele na kushuka kidogo. Mikono ionyeshwe kwa upande, vidole vikiwa vimelegea. Ngumi na mgongo wa mkono vinaonyesha ukubwa. Midomo ifunguke kidogo. Watu wengi hukosa hapa tu: wanazuia pumzi.

Foto ikiisha kupigwa

Hapa ndipo wengi huumia. Foto inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Kwenye kamera ya telefone kuna sehemu ya kuzima hiyo. Nyuma ya mtu kusionekane bango la kanisa, shule, ao ukuta ambao kartie nzima inaujua. Foto iliyofutwa inaweza kubaki kwenye pipa la telefone siku 30 ao zaidi; lazima kulifungua na kulisafisha. Telefone inayopelekwa kwa fundi, ao kuachwa kwenye kibanda cha kuchajia, ifungwe kwa namba ya siri na foto zitolewe kwanza. Ile ya WhatsApp ya kuonekana mara moja inaweza bado kupigwa kwa telefone ya pili.

Barabarani kuna hatari nyingine. Tarehe 6 Mei 2021, Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Kwenye bariyera, karti ya uchaguzi ndiyo kitambulisho cha watu wengi. Sura ya mbele ya askari ikitofautiana na ile ya karti, maswali yanaanza. Wenye kujua hubeba nguo kwenye mfuko na kuvaa pale wanapofika.

Sheria ya Kongo haitaji mavazi ya kike kwa mwanaume kuwa kosa. Lakini kifungu cha 176 cha sheria ya adhabu, juu ya kuvunja adabu mbele ya watu, kimetumika dhidi ya watu kama hao. Kwa upande mwingine, sheria ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inaazibu kumsumbua mtu kwa njia ya mitandao. Mwenye kutishwa kwa foto zake ahifadhi ujumbe wote, asitume franga, na amwone mwanasheria. Kwa wanaovuka ziwa kwenda Uganda: huko sheria ya Mei 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja ni kali sana, na telefone yenye foto inaweza kuleta matatizo.

Kenya imeona njia nyingine. Audrey Mbugua, mwanamke transi, alishtaki baraza la mitihani la inchi yake juu ya cheti cha sekondari chenye jina la kiume, kilichomzuia kupata kazi. Oktoba 2014 Mahakama Kuu iliamuru apewe cheti kipya chenye jina lake, bila alama ya jinsia.

Kwa mzazi anayekuta foto kama hiyo kwenye telefone ya mtoto wake: kuipeleka kwenye grupu la familia ili kuomba shauri ni kuitawanya. Haitarudi tena. Afadhali kuzungumza na mtoto kwanza, wawili tu, mlango ukiwa umefungwa.