Mlango wa Ukoo na Mlango wa Nyaraka: Kumbukumbu za Nasaba katika Thika na Ruiru

Utangulizi

Katika Kiswahili neno mlango lina maana mbili zijulikanazo: upenyo wa kuingilia nyumbani, na tawi la ukoo litokanalo na babu mmoja. Maana hizi hukutana katika suala la nani aruhusiwe kuzisoma kumbukumbu za nasaba, ambazo sasa nyingi zinahamishwa kutoka majalada ya karatasi hadi kompyuta. Aghalabu suala hili huzungumzwa kana kwamba lilizaliwa na kompyuta. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa kuiangalia historia ya sehemu za Thika na Ruiru katika Kiambu, kwamba nasaba ilikuwa na mabawabu wake tangu zamani. Kilichobadilika ni mwenye kushika ufunguo, na mtu anayekingwa na kufuli.

Nasaba ya mdomo

Miongoni mwa Wakikuyu wa Kiambu, msingi wa umiliki wa ardhi ulikuwa mbari, yaani kizazi cha mwanzilishi mmoja aliyefyeka msitu au aliyenunua ardhi kwa Waathi. Ardhi hiyo ndiyo githaka. Ndani ya mbari, watoto wa kila mke walikuwa nyumba yao. Pembeni mwao walikuwapo wengine: muhoi, aliyepewa mahali pa kulima kwa urafiki pasipo kumiliki, muthami, aliyeruhusiwa kujenga pia, na muciarwa, mgeni aliyeingizwa katika ukoo kwa sherehe na kuhesabiwa kuwa amezaliwa humo.

Kwa hiyo kuitaja nasaba hakukuwa kupiga soga. Kulikuwa ni kubainisha mwenyeji na mgeni, na nani angeweza kuombwa ahame. Elimu hiyo ilikaa kwa wazee, na ilihitajiwa hasa pale shauri la mpaka lilipoletwa mbele ya kiama. Aidha, desturi ya majina iliifanya elimu yao kuwa ya lazima. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Hivyo jina lile lile humrudia mjukuu, na binamu kadhaa wakawa nalo pamoja. Asiyeijua nyumba hawezi kumtambua mtu kwa jina peke yake.

Nasaba ya karatasi

Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, ardhi iliyozunguka Thika na Ruiru iligawiwa walowezi, ikawa mashamba makubwa ya kahawa na mkonge. Reli ilifika Thika mwaka 1913. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1915 iliongeza nguvu za serikali juu ya ardhi ya Waafrika, na mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth, katika kesi ya Isaka Wainaina, aliamua kwamba Waafrika walikuwa wapangaji tu, wakikaa kwa ridhaa ya Taji. Mbari ikawa haina haki ya kumiliki mbele ya mahakama hiyo.

Hata hivyo, nasaba iliyokataliwa kama haki ilirudi kama ushahidi. Mwaka 1929 kamati ya Maxwell, Fazan na Leakey iliandika juu ya umiliki wa ardhi katika Mkoa wa Kikuyu. Ilifuata Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoteuliwa mwaka 1932 chini ya Sir Morris Carter. Wazee wa mbari walieleza mbele yake babu zao walivyoipata ardhi, na ushahidi huo ukapigwa chapa katika vitabu vitatu. Hivyo habari zilizosemwa ili kudai ardhi zikawa mali ya kila aliyeweza kusoma Kiingereza. Wengi wa waliozisema hawakuwa miongoni mwao.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Mashamba ya Kiambu yaliunganishwa na kuandikishwa, wakati ambapo watu wengi walikuwa kizuizini na hawakuweza kujisemea. Muhoi aghalabu hakuonekana katika daftari. Nasaba iliyokuwa ikijadiliwa na kusahihishwa kwa maneno ikagandishwa katika jina la mtu mmoja. Kisha Sheria ya Ardhi Iliyoandikishwa ya mwaka 1963, katika kifungu cha 143, iliinyima mahakama uwezo wa kusahihisha uandikishaji wa kwanza, hata kama ulipatikana kwa hila au kwa kosa.

Mlango wa nyaraka

Sheria ya Nyaraka za Umma ya mwaka 1965 iliweka kanuni ya miaka 30 kabla ya jalada la serikali kufunguliwa kwa wasomaji. Lakini umri wa jalada haukuwa kizuizi pekee. Baada ya uhuru, majalada mengi ya wilaya yalipigwa picha katika filamu ndogo, na nakala zikapelekwa Chuo Kikuu cha Syracuse huko Marekani. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba maelfu ya majalada ya makoloni yalikuwa yamefichwa Hanslope Park. Mwanachuoni wa ng'ambo angeweza kuyafikia maandishi ambayo mjukuu wa aliyetajwa humo, akiwa Ruiru, hakuweza kuyafikia.

Katiba ya mwaka 2010 imeziweka haki mbili karibu karibu. Ibara ya 31 inamkinga mtu ili habari za jamaa yake zisitakwe wala kufichuliwa pasipo haja. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imekwenda mbali zaidi: inahesabu asili ya kikabila, mali, na majina ya wazazi, wenzi na watoto kuwa data nyeti. Kwa maneno mengine, nasaba yenyewe ni data nyeti.

Hapa ndipo penye mgongano. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Kiebia na M'Lintari iliyotoka Meru, ilitambua amana ya kimila juu ya ardhi iliyoandikishwa. Mdai huhitaji kuonyesha kwamba ardhi ilikuwa ya ukoo, kwamba yeye ni wa ukoo huo, na kwamba uhusiano wake si wa mbali mno. Nyumba iliyoachwa nje ya daftari katika miaka ya 1950 inaweza sasa kusikilizwa, lakini kwa kuithibitisha nasaba. Akifungiwa kumbukumbu, mdai hunyimwa ushahidi wake. Wakati huo huo, hukumu za Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Thika husomwa bure katika intaneti, na ndani yake nyumba, wake na ugomvi wa warithi hutajwa kwa majina. Mlango wa mbele umefungwa, na wa uani uko wazi.

Hitimisho

Ni dhahiri basi kwamba swali si kufunga au kufungua. Kiama kilimpima aulizaye: ni nani, na anadai nini. Kanuni ya miaka 30 hupima umri wa karatasi tu, na kompyuta hupima neno la siri. Yafaa mipaka mipya imtofautishe aliye hai na aliyekufa zamani, na imtofautishe mwenye dai na mpita njia.

Wanalugha nao wana sehemu yao. Muhoi akiandikwa katika kompyuta kuwa mpangaji, muciarwa akiandikwa mgeni, na nyumba ikikosa safu yake, kosa la daftari la mwaka 1959 litakuwa limenakiliwa upya. Kumbukumbu ya namna hiyo, hata ikifunguliwa kwa watu wote, haitamwonyesha mjukuu mlango wa ukoo wake.