Mwas, Oti na barabara ya mjini

Kabla ya kuiba taa za magari Nairobi, Mwas alikuwa mchuuzi wa filamu kijijini. Anazunguka na CD feki za mapigano ya Kimarekani, na ili mteja afungue pochi anaigiza mwenyewe: risasi anazipiga kwa mdomo, anaanguka, anainuka. Ndivyo inavyoanza Nairobi Half Life ya mwaka 2012, na nadhani hapo ndipo inapomshika mtazamaji wa Singida kuliko bunduki zote zinazofuata.

Maana na huku filamu ziliingia kwa mdomo. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Kwa miji ya mikoani, sinema ilikuwa kibanda umiza: televisheni moja, deki, mabenchi, na watoto wakichungulia kwenye matundu ya ukuta. Kisha zikaja kanda za akina Lufufu wa Dar es Salaam, waliochukua filamu za ng'ambo wakazimwagia Kiswahili na utani wao, hata ukasahau mhusika alikuwa anasema nini hasa.

Mwas anapanda basi kwenda mjini kuwa mwigizaji. Anaporwa siku hiyo hiyo, analala mahabusu, na huko anakutana na Oti, kiongozi wa genge dogo la vijana wanaochomoa vipuri vya magari. Mchana anafanya mazoezi ya tamthilia, usiku anaiba. Baadaye vipuri havitoshi, wanahamia kwenye magari yenyewe. Polisi wanaokula nao ndio wanaokuja kuwamaliza.

Mwongozaji, David "Tosh" Gitonga, alikuwa anatengeneza filamu yake ndefu ya kwanza. Ilitokana na mafunzo ya One Fine Day Films, kampuni ya Mjerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann, pamoja na Ginger Ink ya Nairobi. Mradi huo ulikwisha kutoa Soul Boy ya Hawa Essuman, iliyopigwa Kibera. Joseph Wairimu, aliyeigiza Mwas, alitwaa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume katika tamasha la Durban, na mwaka huo huo Kenya ikaipeleka filamu hiyo Oscar, ikiwa ya kwanza kabisa kutumwa na nchi hiyo. Maina Olwenya, Oti mwenyewe, alifariki 2022. Kwangu mimi yeye ndiye aliyeibeba filamu. Wairimu anachekesha, Olwenya anatisha bila kupaza sauti.

Wengi huitaja pamoja na La Haine ya Mathieu Kassovitz, ya mwaka 1995, kuhusu marafiki watatu katika majengo ya watu wa kipato cha chini nje ya Paris. Chanzo chake kilikuwa kifo cha kijana mzaliwa wa Zaire, aliyepigwa risasi mikononi mwa polisi mwaka 1993. Tofauti ni kwamba vijana wa Kassovitz wamezaliwa ndani ya shida ile, ilhali Mwas anaifuata kwa nauli yake.

Na sisi? Oscar tulitangulia Kenya, kwa Maangamizi mwaka 2001. Ya pili, Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, inatoka kwenye riwaya ya Adam Shafi kuhusu Zanzibar ya wakoloni. Moja inazungumza na mizimu, nyingine na historia. Kijana anayetoka Iramba au Manyoni kwenda kutafuta maisha Dar es Salaam, karibu kilomita 700 kutoka Singida mjini, hayumo katika yoyote. Bongo Movie nayo, ilipovuma baada ya Girlfriend ya mwaka 2003, ilijikita zaidi sebuleni: makochi, mapenzi, wivu. Siwalaumu sana watengenezaji. Filamu iliuzwa kwa CD na ilitakiwa ipigwe kwa siku chache, na faida ilikuwa finyu. Mtaa wa usiku unataka kibali, taa, jenereta na walinzi. Sebule ya kuazima inataka soda za wenye nyumba.