Vitamini D na fosfeti: kula tu haitoshi

Fosfeti ni madini yenye fosforasi ambayo mwili huyatumia kujenga mifupa na meno. Humo ndimo iliko karibu asilimia 85 ya fosforasi yote ya mwili. Tunaipata kwenye dagaa, nyama, maziwa, mayai na maharage. Lakini kula tu haitoshi. Lazima utumbo uifyonze.

Hapo ndipo vitamini D inapohitajika. Ngozi huitengeneza ikipigwa na jua, ini huibadilisha, kisha figo huimalizia ili ianze kazi. Ikifika kwenye utumbo mwembamba, huzifanya seli za ukuta wake zitengeneze kwa wingi protini zinazoivusha fosfeti hadi kwenye damu.

Bila vitamini D, utumbo hufyonza takriban asilimia 60 ya fosforasi iliyo kwenye chakula. Vitamini hiyo ikitosha, hufika kama asilimia 80. Kwa kalsiamu tofauti ni kubwa zaidi: kutoka asilimia 10 hadi 15 tu, mpaka 30 hadi 40.

Madini haya mawili yakipungua, mifupa ya mtoto hubaki laini, ikashindwa kubeba uzito wake. Ndipo miguu hupinda, akapata matege.

Ila mgonjwa wa figo awe makini. Figo zilizochoka hushindwa kutoa fosfeti iliyozidi, na vitamini D huweza kuipandisha zaidi kwenye damu. Kwa hiyo asijinunulie tu vidonge duka la dawa. Amuulize daktari kwanza.